Sifuri Nukta Tatu

Ampuli moja ya jentamisini ina mililita 2 za maji maangavu, na ndani yake mna miligramu 80 za dawa. Mtu mzima akichomwa ampuli nzima haoni ajabu. Mtoto njiti aliyezaliwa jana na kilo 1.2 anahitaji miligramu 3.6 tu kwa siku, kwa hiyo kwake yeye ile ampuli ndogo ni dozi za siku ishirini na mbili. Kuitoa 3.6 ndani ya 80, bila kuzidisha wala kupunguza, saa nane za usiku, huku mama mtu amekaa ubavuni anaitazama mikono yako: hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisifu, na nitaisifu polepole, kwa kuwa yenyewe haifanywi kwa haraka.

Ikichotwa kama ilivyo, miligramu 3.6 ni mililita 0.09. Katika bomba la sindano la mililita 1, lenye mistari mia, hiyo ni mistari tisa, na dawa inayobaki shingoni mwa sindano peke yake yaweza kukaribia hapo. Ndiyo maana dawa huzimuliwa kwanza. Muuguzi huongeza mililita 6 za maji ya sindano, zikawa 8, na kila mililita sasa ina miligramu 10. Dozi ya mtoto wetu inakuwa mililita 0.36, yaani mistari thelathini na sita. Hiyo jicho linaihesabu na kidole gumba kinaitii.

Dawa ya pili, ampisilini, huja ikiwa unga mkavu. Kichupa cha miligramu 250 hutiwa maji mililita 1.3, kikatikiswa mpaka unga uyeyuke, na kinachopatikana ni mililita 1.5, maana unga nao unashika nafasi yake. Anayeisahau hiyo 0.2 ameshaharibu hesabu kabla hajachota. Mtoto wa wiki ya kwanza hupewa miligramu 50 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Wa kilo 1.2 anapata miligramu 60. Pigeni hesabu muone inavyotoka: mililita 0.36. Ileile.

Hapo pana jambo zuri lililojificha ndani ya kitabu cha WHO cha tiba ya watoto hospitalini, toleo la 2013. Ukizifuata njia hizo mbili za kuzimua, njiti wa wiki ya kwanza hupewa dawa zote mbili kwa kipimo kimoja: mililita 0.3 kwa kila kilo. Mwenye kilo 0.9 anapata 0.27, mwenye kilo 1.5 anapata 0.45. Iwe ilikusudiwa au ilitokea tu, muuguzi aliyechoka anaweza kushika nambari moja kichwani, sifuri nukta tatu, akaizidisha kwa uzito wa mtoto na kupata jibu la dawa mbili kwa mpigo.

Fundi mzuri, hata hivyo, haiamini sana raha hiyo. Bohari ikileta vichupa vya miligramu 500 au vya gramu moja, nambari imeshakufa, na asiyesoma lebo atamzika nayo mtu. Tena ikifika siku ya nane kitabu chenyewe kinabadilisha kauli: figo za mtoto zimeanza kukomaa, dawa inatoka mwilini upesi zaidi, hivyo jentamisini hupanda hadi miligramu 7.5 kwa kilo na ampisilini huwa kila baada ya saa nane. Ile 0.3 ya jentamisini inageuka 0.75. Basi kila asubuhi mtoto hupandishwa mizani, umri wake huhesabiwa kwa siku, na dozi hupigwa upya hata kama jana ilipigwa sawasawa. (Hesabu hizi ni za wodini. Nimeziandika ili ufundi uonekane, si mtu akazijaribu nyumbani.)

Kosa linaloogopwa zaidi ni la nukta. Mililita 3.6 badala ya 0.36 ni dozi ya siku kumi ndani ya dakika tatu, na jentamisini haisamehe: huumiza figo, na huua vile vinyweleo vya sikio la ndani ambavyo mwanadamu akivipoteza havioti tena. Mtoto aliyezibwa masikio hivyo halii wala haonyeshi kitu. Watu hugundua akiwa na miaka miwili, anaitwa jina lake hageuki. Wanawake wa Pemba wanaoshona kofia za vito wanalijua kosa la namna hiyo: tundu moja likihesabiwa vibaya mwanzoni halionekani mpaka duara lifungwe, na hapo hakuna la kurekebisha. Dawa ya kosa hilo wodini ni watu wawili. Mmoja anapiga hesabu na kuandika, wa pili anapiga yake bila kuitazama ya mwenzake, halafu ndipo wanaonyeshana. Inachukua dakika moja tu. Nimesikia watu wakiuita utaratibu huo wa kutoaminiana. Mimi naona ni adabu kubwa kuliko zote za kazi hii.

Lakini kabla ya wodi kuna kijiji. Chukua Pujini ya hapa Pemba, iliyoko kusini-mashariki ya Chake Chake, mwendo wa kama kilomita 10. Wageni huijua kwa magofu ya ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15, mtawala ambaye hadithi zimembebesha ukatili wa kila aina, na ambaye kuta zake zilichimbwa na kuchunguzwa na Adria LaViolette na wenzake. Wenyewe wa Pujini wana mashamba, mpunga na ng'ombe wa kushughulikia, na wanawake wao huzaa kama wanavyozaa wanawake wengine, wapo wanaozaa kabla ya siku. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ndiye njiti. Duniani kote, kwa hesabu ya WHO na washirika wake iliyotolewa 2023, walizaliwa milioni 13.4 wa namna hiyo mwaka 2020.

Ufundi wa dawa unaanzia huku kijijini, kabla ya sindano yoyote, kwa kujua mbele yako yuko nani. Mama wengi hawana tarehe ya hedhi ya mwisho iliyoandikwa popote. Wanayo kalenda nyengine: mimba iliingia Mfunguo Tano, au ilikuwa Rajabu, karibu na harusi ya fulani. Mkunga anayejua kazi yake haidharau kalenda hiyo. Anaigeuza wiki, akikumbuka kwamba miezi ya mwandamo ni ya siku 29 na 30, halafu anaushuhudisha mwili wa mtoto. Nyayo za aliyetimiza siku zina mikunjo mpaka kisiginoni. Za njiti ni laini kama hazijawahi kukunjwa. Sikio la aliyetimiza ukilikunja linarudi lenyewe. La njiti hubaki limekunjika, linafunguka taratibu. Mkono ukiuvuta ukauachia, wa njiti unalala ulipoangukia. Jeanne Ballard wa Marekani alizipanga alama hizi kuwa kipimo, na toleo lililoboreshwa la 1991 linafika hata kwa watoto wadogo mno. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine. Kinahitaji mikono safi yenye joto, na mtu asiye na papara.

Halafu kuna kumjua mgonjwa. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu mtoto mchanga huugua tofauti na tulivyozoea kuona. Mkubwa akipatwa na uambukizo wa damu hupanda homa na kulia. Njiti mara nyingi hupoa. Joto lake hushuka chini ya nyuzi 35.5, ananyonya mara mbili na kuacha, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika na kifua kinabonyea ndani, au anasita kupumua kidogo na kuanza tena. Anatulia. Nyumba iliyozoea kumsifu mtoto kwa utulivu inaweza kusema mashaallah, leo kalala vizuri. Bibi mwenye uzoefu hasemi hivyo. Anamgusa nyayo, anamkuna mgongo, akiona mtoto anajisogeza pale tu anaposumbuliwa na kulegea akiachwa, anasema: "Mwanangu, huyu hakulala. Twendeni kituoni." Sentensi hiyo ikisemwa alasiri badala ya kesho yake asubuhi imefanya kazi ambayo chupa nzima ya dawa haitaweza kuifanya baadaye.

Mwongozo wa vituo vidogo unataka mtoto wa namna hiyo apate sindano ya kwanza palepale kwenye paja, apewe maziwa kama anaweza kumeza ili sukari isishuke, afungwe kifuani kwa mama asipoe njiani, kisha apelekwe hospitali. Kwa watoto wachanga ambao familia zao haziwezi kufika hospitali, utafiti uliofanyika Kongo, Kenya na Nigeria na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba sindano chache pamoja na amoksilini ya kunywa zinaweza kutosha kwa wasiozidiwa sana. Lakini wenye uzito chini ya kilo 1.5 hawakuingizwa katika utafiti huo. Njiti wetu wa kilo 1.2 hana njia ya mkato. Ni Chake Chake.

Mshipa wa njiti una upana wa uzi wa kushonea. Muuguzi huutafuta mgongoni mwa kiganja, wakati mwengine kwa kuweka tochi ndogo upande wa pili wa mkono mpaka nyama iwe nyekundu na mshipa uonekane kama mstari mweusi. Hatumii mpira wa kufungia. Vidole vyake viwili vinatosha kuzuia damu. Kanula ya njano, namba 24, huingia karibu sambamba na ngozi, na tone la damu likionekana nyuma ya sindano mkono unasimama. Hasukumi tena sindano, anasukuma plastiki peke yake. Halafu kazi inayodharauliwa kuliko zote: kufunga. Kipande cha boksi la dawa kimekatwa kwa kipimo cha mkono, kimezungushwa pamba na plasta, mkono umelazwa juu yake na vidole vimeachwa wazi ili rangi yake ionekane. Kanula iliyofungwa vibaya hutoka usiku, na kila tundu jipya kwenye ngozi laini kama ile ni mlango mwengine wa vijidudu. Kwa hiyo anayefunga vizuri naye anatibu uambukizo, tena kabla haujaja.

Dawa mbili hazichanganywi ndani ya bomba moja, kwa sababu zikikutana huko ampisilini huiharibu jentamisini. Ampisilini iliyokwisha kuzimuliwa haiwekwi mpaka zamu ijayo. Ndani ya saa moja itumike au imwagwe. Dawa husukumwa kwa dakika kadhaa, kisha mpira husafishwa kwa maji ya chumvi nusu mililita, na nusu mililita hiyo nayo huandikwa kwenye chati. Kwa mtu mzima kuandika hivyo ni mzaha. Kwa mtoto ambaye maji yake yote ya siku hupimwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito, kila tone lina hesabu yake.

Kwa nini uangalifu wote huu? Kwa sababu watoto njiti waliwahi kuuawa na dawa hizihizi walizopewa kwa nia njema. Miaka ya 1950 madaktari wa Marekani, wakijua uambukizo unawamaliza njiti, waliwapa antibayotiki hata wasioumwa, kama kinga. New York, katika utafiti wa William Silverman na wenzake uliochapishwa 1956, kundi moja lilipewa penisilini na salfa, jengine oksitetrasaiklini. Waliopewa salfa walikufa zaidi, na ubongo wa wengi wao ulikutwa umepakwa rangi ya manjano. Ilikuja kueleweka kwamba salfa iliifukuza ile rangi ya manjano ya damu kutoka kwenye protini iliyoishika, ikakimbilia ubongoni. Miaka mitatu baadaye, Los Angeles, ikawa zamu ya kloramfenikoli. Watoto walivimba tumbo, wakawa na rangi ya kijivu, wakafa. Waliokufa walikuwa wengi zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa dawa yoyote. Ini la njiti halikuwa na uwezo wa kuivunja dawa ile, na kila dozi ilijazana juu ya iliyotangulia.

Mambo haya ni ya zamani, lakini kumbukumbu yake inatembea wodini mpaka leo. Seftriaksoni, ambayo huku kwetu huchomwa kama maji, nayo inaweza kuifukuza rangi ya manjano kutoka kwenye protini, na ikikutana na dripu yenye kalsiamu hufanya chembechembe ndani ya mshipa. Muuguzi anayemwambia daktari kijana, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, "Daktari, huyu ni njiti na ana manjano, tuiangalie tena hii," anazungumza kwa niaba ya watoto wa 1956 hata kama hajawahi kuwasikia. Utafiti nao haujalala. Manchester, 2022, walitangaza kipimo cha kando ya kitanda kinachogundua ndani ya dakika 26 mtoto mwenye asili ya kuzibwa masikio na jentamisini hata kwa dozi sahihi.

Nimesema habari ya kuanza dawa. Sasa nifike kwenye lile ninaloliona kuwa kilele cha ufundi huu, na ambalo watu wa nje hawalihesabu kuwa kazi: kuisimamisha.

Dalili za uambukizo kwa njiti zinafanana na dalili za unjiti wenyewe. Anayepumua haraka huenda ana vijidudu, huenda mapafu yake hayajakomaa tu. Aliyepoa huenda anaumwa, huenda alilowa akaachwa. Kumngojea mpaka uhakika upatikane ni kumngojea afe, kwa hiyo wengi huanzishwa dawa kwa kushuku, na ni haki yao. Ila miongoni mwao wamo wengi ambao hawakuwa na uambukizo wowote. Namna ya kuwajua ni kuchukua damu kabla ya dozi ya kwanza na kuiotesha.

Mtoto wa kilo 1.2 ana damu kama mililita 100 mwili mzima. Kumtoa moja ni kumtoa kitu, na haifai ipotee bure. Ngozi hupakwa spiriti, halafu unangoja ikauke. Kungoja huko ndiko kunakoua vijidudu, na ndiko kunakorukwa na wenye haraka. Damu ikiingia na kijidudu cha ngozi, chupa itaota kitu, mtoto atatibiwa siku kumi kwa ugonjwa wa kidole cha mtu.

Kwa hili Pemba ina bahati ambayo wilaya nyingi za bara hazina. Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kitaliano. Kati ya 2009 na 2010 uoteshaji wa damu ulifanywa kisiwani kwa wagonjwa wa homa waliofika hospitali, na kijidudu kilichoongoza kikawa Salmonella Typhi, kile cha homa ya matumbo. Mwaka 2010 huohuo waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulikipumzisha kisiwa na majenereta ya dizeli. Mtu wa maabara anajua thamani yake: chupa ya damu inataka joto la nyuzi 35 hadi 37 usiku kucha, na umeme ukikatika chupa huweza kusema uongo.

Chupa ikionyesha dalili, tone lake hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Ya zambarau ni ukoo mmoja wa vijidudu, ya waridi ni mwengine. Kisha husambazwa kwenye sahani, na kijidudu kiitwacho Klebsiella ukikikuta kwenye agari ya MacConkey hutakisahau: vidonge vya waridi vinono, vyenye ute, ukivigusa vinavutika. Vidonge hivyo vinasambazwa tena kwenye sahani nyengine, vinawekewa viduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, na kesho yake mtaalamu anapima kwa rula upana wa uwazi uliozunguka kila kiduara. Njia hiyo iliwekewa utaratibu na Kirby, Bauer na wenzao huko Seattle mwaka 1966, na bado hakuna iliyo rahisi na ya kweli kuliko hiyo. Kiduara cha ampisilini mbele ya Klebsiella hakina uwazi wowote. Kijidudu kimeota mpaka ukingoni, kwani kwa maumbile yake ampisilini haikiwezi. Macho yote yanahamia kwenye kiduara cha jentamisini. Milimita mbili tatu hapo ndizo zinazoamua.

Habari yenyewe si nzuri. Utafiti wa NeoOBS, wa 2018 hadi 2020, ulifuata watoto wachanga zaidi ya 3,200 wenye dalili za uambukizo wa damu katika hospitali 19 za nchi 11, Kilifi ya Kenya ikiwemo. Klebsiella ndiyo iliyoongoza, usugu ulikuwa mkubwa, na mchanganyiko wa dawa waliopewa watoto ulizidi namna 200. Ukiona mafundi wanatumia namna 200 za kufanya kazi moja, ujue vifaa vimeanza kuwashinda. Kilifi kwenyewe, kati ya 2018 na 2019, walijaribu usalama wa fosfomisini kwa watoto wachanga 120, dawa ya zamani inayotafutiwa kazi mpya kwa kuwa zile za kawaida zinachakaa.

Ndiyo sababu namheshimu sana anayesimamisha dawa. Uingereza, mwongozo wa NICE wa 2012 uliwaambia madaktari wafikirie kuacha ikifika saa 36 ikiwa damu haijaota kitu na mtoto yu mzima. Marekani, mwaka 2009, Michael Cotten na wenzake walionyesha kwamba watoto wadogo mno, wa kilo moja kushuka chini, walioendelea na antibayotiki siku tano au zaidi huku damu yao ikiwa safi, walikufa zaidi na kuoza utumbo zaidi kuliko walioachishwa mapema. Huenda waliopewa siku nyingi walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na watafiti walijitahidi kulipima hilo; hata hivyo onyo lilikaa. Dawa inafagia na vijidudu vyema vya tumboni, na nafasi yao inashikwa na vile sugu.

Lakini fikiria mwenyewe uko wodini. Siku ya tatu. Majibu yamesema hakuna kilichoota. Mtoto ana joto zuri, ananyonya kwa kikombe, anapumua mara 48. Ukiendelea na dawa hakuna atakayekulaumu, hata akifa. Ukiisimamisha na akaugua tena keshokutwa, utaulizwa na daktari mkuu, utaulizwa na baba mtu, na utajiuliza mwenyewe. Anayechukua chati akaandika "simamisha", akatia saini na saa, halafu akabaki karibu na kitanda kile zaidi ya vitanda vyengine usiku ule, huyo ni bingwa. Aliyeandika hivyo bila kuchukua damu mwanzoni ni mcheza kamari, hata kama mtoto kapona.

Kazi nyengine inayostahili sifa ni ile inayoifanya dawa isihitajike kabisa, na nitaipitia kwa kifupi kwa kuwa haina mambo mengi: mikono, maziwa na kifua. Pemba ilishiriki kwa kiasi kikubwa kulijaribu suala la kitovu; watoto 36,911 waliingizwa katika utafiti wa kupaka kitovu klorheksidini, uliochapishwa 2016, na ikaonekana kwamba katika kisiwa hiki tofauti ya vifo haikuwa kubwa kiasi cha kuithibitisha dawa, ingawa katika baadhi ya nchi nyengine ilisaidia. Jibu la namna hiyo halipigiwi vigelegele, lakini limewaokoa watu na kutegemea chupa. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, ni kinga ambayo haina kiwanda. Na utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021, uliwafunga watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 kwenye kifua cha mama mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja watengemae: vifo vikawa asilimia 12 badala ya 15.7, na uambukizo nao ukapungua. Kanga mbili na kifua cha mama, basi.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaoandika oda za bohari za dawa: mabomba ya sindano ya mililita 1 na chupa za kuoteshea damu ni vitu vya bei ndogo, viandikwe ukurasa wa kwanza, kwani bila hivyo ufundi wote huu haufanyiki. La pili ni kwa akina mama wa Pujini na bibi zao. Mkirudi nyumbani na njiti wenu baada ya siku tatu za sindano badala ya kumi, msidhani amenyimwa haki yake, na msipite dukani kununua ampisilini ya maji "kumalizia". Muulizeni sista kabla hamjatoka: "Damu ya mwanangu ilisemaje?" Akikujibuni kwamba haikuota kitu, basi dozi imekwisha.